Pete Iliyoingia Kidirishani

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa masharubu yangu, niliyoyafuga miaka arobaini na moja, na ambayo mke wangu huyaita fagio lililokosa mpini. Sasa hivi amepita na kikombe cha chai, akachungulia begani kwangu.

"Umeapa kwa masharubu?"

"Nimeapa."

"Haya. Ukikutwa na uongo hata mmoja, yananyolewa."

"Yanyolewe."

Akacheka kicheko ambacho sikukipenda, akaenda zake.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtu wa mvuke katika taasisi ya utafiti. Mtambo wangu ulikuwa mkubwa kama kabati la bibi harusi, na moto wake ulikuwa wa namna hii: weka jiwe asubuhi, mchana unalila kwa kijiko. Vyombo vyote vilivyotumika maabara vililetwa kwangu vipikwe. Wakaniita Mzee Mvuke, na jina hilo limenikaa kuliko nililopewa na baba yangu.

Ukutani mwangu, upande wa pili, kulikuwa na chumba cha kioo. Humo alifanya kazi Daktari. Msidhani ni daktari wa kupima homa. Huyu alisomea ubongo, na ndani ya ubongo alisomea protini, na ndani ya protini alisomea ugonjwa mmoja tu, ule wa prioni. Alinieleza mwenyewe, tena kwa subira. Protini ni kama kamba nyembamba sana zilizomo mwilini, na kila moja hujikunja yenyewe kwa namna yake iliyo sawa. Siku moja mojawapo inajikunja vibaya. Inamgusa jirani, naye anapinda vilevile. Jirani anampindisha jirani, hadi ubongo unatoboka kama sponji. Mgonjwa huanza kwa kutetemeka mikono na kuyumba, halafu husahau watu wake, halafu basi. Dawa haipo.

Na kitu hicho hakifi kwa kuchemshwa. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa na sheria moja kubwa: kinachoingia hakitoki. Kalamu ikiingia, umeiaga. Daftari halikadhalika. Vyuma tu ndivyo vilivyoruhusiwa kutoka, navyo sharti vilale saa nzima ndani ya soda kali, ile ya kuzibulia mabomba, kisha vije kwangu.

Sasa kama daftari halitoki, matokeo yatatokaje? Hapo ndipo anapoingia Karani wa kumbukumbu. Kila alasiri Daktari alibandika ukurasa kwenye kioo kwa ndani, Karani akakaa nje ukumbini na daftari lake, akanakili namba moja baada ya nyingine. Namba hizo zilikuwa za panya: panya huyu ameishi siku mia moja na hamsini, yule mia moja sitini na mbili. Siku moja, chini kabisa ya namba, akakuta mstari usio wa panya: *Shati hilo ni la jana.*

Karani alilitazama shati lake. Akachana karatasi, akaandika, naye akaibandika kwenye kioo: *Kumbe unaniangalia.*

Ndivyo walivyoanza. Miezi sita wanaandikiana hivyo, pua kwa pua, kioo katikati, nami nikifuta kioo hicho kwa nje mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha ikaja siku ya kibano. Daktari alikuwa akisafisha mashine ya kukatia ubongo wa panya uliogandishwa, kibano kikateleza, ncha yake ikapenya glavu mbili, ikazama kwenye kidole gumba cha kushoto. Hakupiga kelele. Aliosha, akaweka dawa, akaandika, akabandika ukurasa: *Nimechomwa. Gumba la kushoto. Saa nane na dakika kumi.* Kazi ya Karani ni kunakili. Alinakili. Nilimwona akiandika huku machozi yanadondokea wino.

Baada ya hapo watu wakaanza kumpungia Daktari badala ya kumpa mkono. Wakubwa wakampa ofisi ghorofani, akae na makaratasi. Akaikataa. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Halafu, Ijumaa moja, pete ikaingia kidirishani. Nasema kidirisha kile kidogo cha chuma cha kupitishia vichupa, kisichofunguka pande zote mbili kwa pamoja. Ilikuwa pete ya dhahabu ya ukoo, ambayo mama yake Karani alimpa mwanawe akamvishe mchumba. Namna ilivyoingia tusiichimbe sana. Tuseme Karani, kwa wazimu wa mapenzi, aliipachika kwenye sinia la vichupa akafunga. Daktari alipofungua upande wake aliikuta. Alicheka, akalia, akaitumbukiza kwenye kichupa, kwa sababu juu ya glavu haivaliki na chini ya glavu hairuhusiwi.

Wikiendi hiyohiyo, mtu mwenye mdomo mrefu akamweleza mama habari za gumba.

Jumatatu saa nne asubuhi alifika, pamoja na baba mdogo wake Karani. Mama huyo alikuwa ameongoza chumba cha dobi cha hoteli kubwa kwa miaka thelathini, na alitembea kama bado kuna watu nyuma yake wanaobeba vikapu. Baba mdogo alijifunika pua kwa leso tangu getini.

"Yuko wapi mwenye pete yangu?"

"Shikamoo, mama," ilisema spika ya ukutani.

Mama aliruka. Kisha akamwona ng'ambo ya kioo, koti jeupe, kofia, barakoa, macho mawili tu. "Marahaba. Toka nje tuzungumze."

"Siwezi, mama. Mashine inasoma sampuli. Nikiiacha sasa, miezi minane imekwenda na maji. Nipe saa moja na nusu."

"Nimepanda ngazi za jengo hili na goti bovu, unanipa saa moja na nusu?"

"Karani, mletee mama kiti, tafadhali."

"Usimwamuru mwanangu mbele yangu!"

Lakini Karani alikuwa amekwisha kuleta. Mama alikitazama kiti kile kama kimemsaliti, goti likamshinda, akakaa.

"Nasikia una ugonjwa wa humo."

"Nilichomwa na kibano. Kama ninao au sina, hakuna kipimo cha kuniambia leo. Unaweza kujificha miaka kumi, hata ishirini. Au haumo kabisa."

"Na hukuona haja ya kuniambia?"

"Nilitaka nije nikwambie mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujatoa pete. Mwanao akanitangulia."

Karani aliinamisha kichwa. Nami nilifuta kioo.

"Shemeji, tuondoke," alisema baba mdogo ndani ya leso. "Hata hewa ya hapa siiamini."

"Hauambukizi kwa hewa, bwana," nikamwambia.

"Wewe nani?"

"Mtu wa mvuke."

"Kaa na mvuke wako!"

Karani akasimama katikati ya mama yake na kioo. Alikuwa mtu mpole, sauti yake huisikii hata akiagiza chai. Siku hiyo ukumbi mzima ulimsikia. "Mama, nitamwoa."

"Utaoa jeneza!"

"Baba alikuwa akiendesha lori la petroli. Babu alikwambia utaolewa na moto. Ukamjibu nini?"

Mama alilisugua goti lake.

"Alimjibu, 'Basi nitauota,'" alisema baba mdogo, akisahau kwamba yuko upande gani.

"Wewe nawe!"

"Si nilikuwepo, shemeji?"

"Na baba alikufa kwa moto?" aliuliza Karani.

"Alianguka kwenye stuli," alisema mama polepole. "Akibadilisha balbu."

Spika ikakwaruza. "Mama, nisikilize," alisema Daktari. "Sijasimama hapa kuomba nionewe huruma. Wanataka niende ghorofani. Wanataka nipumzike. Kila mtu ananiambia nikimbie, hakuna anayeniambia nikimbilie wapi. Kama kitu hiki kimo mwilini mwangu, nani ana haraka ya kukijua kuliko mimi? Na kama hakimo, nitakuwa nimekikimbia bure. Sitoki humu. Na mwanao simwachi. Akitaka kuniacha, aniache yeye, tena kwa maandishi, hapa kwenye kioo."

Karani alitoa kalamu mfukoni. Aliandika huku ameegemea ukuta, akabandika karatasi, maandishi yakiwa upande wa ndani. Macho ya Daktari yalisoma, yakajaa, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Umemwandikia nini?" mama alifoka. "Geuza nione!"

Aligeuza. *Leo tena ni la jana. Sikulala.*

"Hii ndiyo nini?"

"Ndiyo jibu langu, mama."

"Mimi nimezaa kichaa." Akaunyoosha mkono wake kuelekea kioo, kiganja juu. "Pete yangu."

Daktari alikwenda kwenye rafu, akakichukua kichupa, akakishika muda kidogo. Kisha akaimwaga pete ndani ya bakuli la soda kali. "Saa moja humu," alisema. "Halafu dakika kumi na nane kwa Mzee Mvuke. Dhahabu haidhuriki. Utaipata yote."

Saa moja ni ndefu sana watu wakiwa wamegombana na hakuna wa kuondoka. Baba mdogo alishusha leso akatazama saa, akaipandisha. Karani alikaa sakafuni. Mama alitazama bakuli, akatazama mashine, na mwisho udadisi ukamshinda kama goti lilivyomshinda.

"Hasa hasa unafanya nini humo?"

Daktari akamweleza zile kamba zinazojikunja. Mama alisikiliza huku amekunja uso.

"Huyo wa kwanza akikosea, wote wanakosea?"

"Wote wanaomgusa."

"Kama shuka." Aliinuka kitini bila kujijua. "Rundo la shuka. Ya chini ikikunjwa upande, kila unayoiweka juu yake inakwenda upande. Wasichana wangu walidhani wanaweza kulinyoosha kwa kulisukumasukuma. Wapi! Linaanguka."

"Na wewe ulikuwa ukifanyaje, mama?"

"Kulipangua lote. Unaanza upya na ile ya chini."

"Sisi kupangua hatujui," alisema Daktari. "Duniani kote hakuna anayejua. Mimi nimepata kitu kimoja kidogo, nadhani kinawazuia majirani wasiigane haraka. Ndicho ninachokisubiri hapa."

"Kama ukikiweka kibao katikati ya shuka na shuka."

Daktari alimtazama. "Ndiyo. Kibao hasa."

Mama akakaa tena. Kiti alikisogeza karibu na kioo.

Saa ilipotimia, pete ilioshwa, ikapita kidirishani ndani ya kopo lake, nikaipika. Naapa mtambo haujawahi kunguruma vile. Nilipofungua, mvuke ukatoka, na pete ikawa inang'aa mpaka nikaona masharubu yangu ndani yake. Niliileta kwenye sinia. Baba mdogo alirudi nyuma hatua tatu.

"Ni salama," ilisema spika. "Lakini kama unaogopa, mama, mzee akufungie kwenye mfuko."

Mama aliitazama pete. Alimtazama yule mwanamke aliyetumia miaka yake na kitu ambacho wengine hawataki hata kukisikia kikitajwa. Akaichukua kwa vidole vitupu.

"Nimeogopa lori miaka kumi na tisa," alisema. "Kila jioni dirishani. Stuli sikuiogopa hata siku moja." Akageuka kwa ghafla. "Nani mpumbavu aliyeipitisha pete ya mama mkwe wangu kwenye tundu la vichupa?"

Nami nikafuta kioo.

"Mimi, mama," alisema Karani.

Akampiga kofi la bega. "Mchumba havishwi pete kwa tundu! Shika. Subiri atoke, umvishe kama watu."

Mashine ikalia ndani. Daktari alikimbilia kwenye kioo chake kidogo cha namba, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Aliporudi aliandika, akabandika ukurasa, na Karani, kwa mazoea, akafungua daftari. *Haikuponya. Imechelewesha. Siku sitini na moja.*

Daktari alivua mavazi yote ya humo, akaoga, akatoka kwa mlango wa nyuma, nywele mbichi, akanyoosha mkono wa kulia kumsalimia mama. Mama aliukataa. Akauchukua wa kushoto, akaufungua, akalitafuta gumba, na akalishika lote ndani ya ngumi yake kama mtu anayekipasha joto kifaranga.

Nikamaliza kuandika hapo. Nikaona ni pazuri, nikamwita mke wangu asome. Alikunja karatasi zangu, na Jumapili nikashangaa mlango unagongwa: Daktari na Karani wenyewe, mume na mke mwaka wa tano huu, wameitwa chai bila mimi kujulishwa. Daktari akazisoma kwa sauti sebuleni. Alicheka penye jiwe la kuliwa kwa kijiko. Kisha akasimama.

"Mzee. Hapa kwenye kidirisha."

"Hapo pana nini?"

"'Tuseme Karani, kwa wazimu wa mapenzi.' Tuseme?"

Nikaanza kuitafuta sukari.

"Mimi nilimpa Mzee bahasha," alisema Karani kwa ile sauti yake ya kuagiza chai. "Ijumaa. Nikamwambia aitunze mpaka saa kumi, Daktari akitoka nimwite nje penye maua."

"Penye maua!" mke wangu alisema. "Na wewe ukafanya nini?"

Nilifanya nini? Nilidhani saa kumi ni mbali. Nilidhani mwanamke aliyefungiwa humo na panya tangu asubuhi anastahili kushtuliwa kwa furaha. Niliiweka kwenye sinia katikati ya vichupa, nikafunga kidirisha, na kilipolia *taa!* ndipo nilipoikumbuka sheria ambayo nimeishi nayo miaka ishirini na sita. Na Jumatatu, mama wa watu alipouliza ni mpumbavu gani, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nina kitambaa mkononi, na nikamwacha mtoto wa watu apigwe kofi langu.

Hayo niliyasema sebuleni, mbele yao. Sasa nayaandika.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza Karani. "Miaka yote hii?"

"Ulikuwa umebakiza miezi mitatu ustaafu. Wangekufukuza." Akainua mabega. "Na mama angekupiga kwa lile sinia."

Mke wangu alikuwa amekwisha kuweka meza: wembe, bakuli, sabuni, taulo. "Umeapa, baba," alisema.

"Nimeapa. Lakini anyoe Daktari."

Watatu hao walitazamana. Wote mle ndani tulikuwa tukihesabu kimoyomoyo, na hatujawahi kuambizana: mwaka wa nane tangu kibano. Mikono huanza kutetemeka, alinieleza mwenyewe.

"Mzee una uhakika?" aliuliza Daktari. "Nikikukata je?"

"Nikate. Si nimedanganya?"

Akavuta kiti. Akanipaka povu. Gumba lake la kushoto, lenye kovu dogo kama punje ya mchele, likabonyeza mdomo wangu wa juu kuuvuta ili ngozi ikaze, na pete ikanigusa shavu kwa ubaridi. Wembe ukashuka. Karani aliacha kutafuna. Mke wangu alishika kiuno.

Ulishuka mara ya pili. Ya tatu. Miaka arobaini na moja ikawa inaangukia taulo, nami nimekodoa macho yangu kwenye mkono ule, umbali wa inchi moja kutoka puani, natafuta mtikisiko, natafuta hata wa nzi, siuoni.

"Usicheke, mzee," alisema. "Unaniharibia mstari."

"Sicheki."

"Huo sasa ni uongo wa pili," akasema mke wangu, "na masharubu yameisha."